Bastola inayojikoki yenyewe: kwa nini ukitoa magazini bado inaweza kuua

Baada ya kipindi chetu cha ulinzi wa mali vijijini, ujumbe mmoja uliingia kwenye simu ya studio nikausoma mara mbili. Aliyeutuma ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la mahindi. Alieleza kwamba mwenzake wa zamu alichomoa magazini ya bastola, akaiweka mezani, akasema "hii sasa ni chuma tu," kisha akabonyeza kifyatulio ili kuwaonyesha. Risasi ikatoka na kupita kwenye paja la mtu aliyekuwa ameketi juu ya gunia. Yule mtu alipona, lakini mpaka leo anatembea kwa fimbo. Swali la msikilizaji wetu lilikuwa fupi: risasi ile ilitoka wapi, na nani aliikoki bastola?

Kwa mwenye bando dogo, jibu la haraka ni hili. Bastola nyingi za kisasa hujikoki zenyewe. Kila zinapofyatua, zinachukua sehemu ya nguvu ya risasi iliyotoka na kuitumia kutupa ganda, kurudisha nyundo nyuma na kuingiza risasi nyingine chemba. Unapochomoa magazini unaondoa risasi zilizobaki ndani ya magazini tu. Ile iliyokwisha kuingia chemba inabaki pale pale, na bastola imeshakokiwa.

Jibu refu lina watu, miaka na majani yaliyoinama uwanjani Marekani. Nimeliandika hapa kwa sababu hewani dakika zangu ni chache, na pia kwa sababu wengi wetu tunaishi karibu na silaha bila kujua zinavyofanya kazi: ya mlinzi wa benki mjini, ya askari wa wanyamapori, ya jirani mwenye kibali. Sitaeleza namna ya kutengeneza chochote. Nitaeleza kinachotokea ndani ya chuma kile mtu anapobonyeza.

Tuanzie kwenye gobore

Wazee wetu wengi wanalijua gobore. Mwenye gobore anamimina baruti mdomoni, anasukuma kitambaa au nyuzi, anashindilia kwa ufito, anatia vyuma, anashindilia tena, anabandika fataki, halafu anavuta nyundo kwa kidole gumba. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya mlio mmoja. Likishalia, gobore ni rungu mpaka uanze upya. Mtu akikwambia gobore lake limeshalia na hajalishindilia tena, ana haki ya kusema ni chuma tu. Nadhani yule mlinzi wa ghalani alikuwa na hesabu za gobore kichwani huku mkononi ameshika kitu kingine kabisa.

Hatua ya kwanza ya kuondoa kazi ya mkono ilikuwa rivolva, bastola yenye pipa la kuzunguka. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya rivolva yake mwaka 1836. Bastola zake zilikuwa na risasi kadhaa tayari, lakini kila mara ilibidi kuvuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kubonyeza. Mwaka 1851, Robert Adams wa London alileta rivolva ambayo haikuhitaji kidole gumba. Ukivuta kifyatulio, kinainua nyundo, kinazungusha pipa, kisha kinaiachia nyundo. Waingereza waliiita bastola ya kujikoki. Kwa kweli ilikuwa inakokiwa na kidole chako cha shahada, ndiyo maana kifyatulio chake kilikuwa kizito kuvuta. Lakini neno lilibaki, na hamu ya kitu kinachojikoki kweli kweli ikabaki pia.

Gesi gani hiyo?

Hapa lazima nisimame kidogo, maana mara zote nikitaja "silaha ya gesi" hewani napata simu za watu wanaofikiria mtungi wa kupikia, na wengine wanafikiria bunduki za upepo za kupigia ndege. Siyo hizo.

Baruti ikiwaka inageuka kuwa moshi na hewa ya moto kali sana, tena kwa ghafla. Hewa hiyo ndiyo gesi tunayozungumzia. Imefungiwa kwenye nafasi ndogo kuliko kidole, nyuma ya risasi, na haina pa kwenda ila kuisukuma risasi mbele. Tairi la lori hujazwa upepo wenye mgandamizo wa mara saba au nane ya hewa tunayovuta. Ndani ya chemba ya bastola mgandamizo unapita mara elfu moja. Unakaa kwa muda mfupi mno, kwani risasi ya bastola huwa imeshatoka mdomoni kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijaisha, lakini kwa muda huo nguvu ni kubwa.

Anayeendesha pikipiki ameshaelewa nusu ya habari hii. Petroli inalipuka juu ya pistoni, pistoni inasukumwa, na pikipiki inakwenda. Injini haisubiri mtu aje aisukume pistoni irudi. Mlipuko mmoja unaandaa ule unaofuata. Katika karne ya 19, watu kadhaa walijiuliza kama silaha nayo isingeweza kufanywa hivyo hivyo.

Nguvu hiyo inapatikana kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya teke. Risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma, na kila aliyewahi kupiga gobore anajua bega lake lilivyouma kesho yake. Ukiruhusu sehemu za silaha zirudi nyuma kwa teke hilo na kuzizuia kwa springi, springi itazirudisha mbele, na katika kwenda na kurudi huko kazi yote ya kukoki imefanyika. Njia ya pili ni kuiba kidogo ile gesi yenyewe kabla haijapotea hewani, na kuitumia kusukuma pistoni au wenzo. Ya pili ndiyo inayoitwa kuendeshwa kwa gesi.

Maxim, na kilichofika kwetu

Njia ya teke ilikamilishwa kwanza na Hiram Maxim, mzaliwa wa jimbo la Maine, Marekani, aliyehamia London. Mwaka 1884, kwenye karakana yake ya Hatton Garden, alionyesha bunduki iliyokuwa ikiendelea kupiga yenyewe mradi umeshikilia kifyatulio na mkanda wa risasi haujaisha. Ilipiga risasi kama 600 kwa dakika moja. Kila risasi ilipotoka, teke lake lilifungua kufuli, likatupa ganda, likakoki na kuvuta risasi nyingine.

Babu zetu waliiita bombomu, kwa sauti yake. Tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, maelfu ya wapiganaji waliivamia boma ya Wajerumani Mahenge. Walikuja wazi, wengi wakiwa na imani ya maji waliyopewa. Ndani ya boma kulikuwa na bombomu. Waliokufa mbele ya kuta zile siku hiyo walikuwa mamia. Kinjikitile Ngwale mwenyewe alikuwa ameshanyongwa tangu mwanzoni mwa mwezi huo huo. Ninapowaeleza vijana kwamba suala la silaha kujikoki yenyewe si mchezo wa mafundi wa Ulaya peke yao, huwa nawatajia Mahenge. Mtu mmoja aliyekaa nyuma ya chuma kinachojikoki aliweza kuwazuia watu ambao, kila mmoja, walikuwa na mkuki au gobore la kushindilia.

Jambo jingine lililofungua njia ni baruti yenyewe. Baruti nyeusi ya zamani ilitoa moshi mzito na kuacha masizi mengi, na silaha yenye sehemu ndogo ndogo za kwenda na kurudi ingeziba haraka. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyo na moshi mwingi, yenye nguvu zaidi na masizi machache. Bila hiyo, bastola ya kujikoki ingebaki kuwa ndoto. Tofauti ya baruti hizi mbili ilionekana hata hapa kwetu: kwenye mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani bado walikuwa na bunduki za muundo wa 1871 zenye baruti nyeusi, na kila walipopiga, wingu la moshi liliwatangazia maadui mahali walipojificha.

Majani yaliyoinama Ogden

Sasa tuje kwenye gesi. John Moses Browning alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, jimbo la Utah, Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi bunduki, na mtoto alikulia kwenye karakana. Mpaka anakufa alikuwa na hataza 128 kwa jina lake.

Familia yake ilisimulia kwamba mwaka 1889 alikuwa kwenye mashindano ya kulenga shabaha na wenzake. Mmoja alipofyatua, Browning aliyaona majani mbele ya mdomo wa bunduki yakilala chini kwa upepo wa mlipuko. Wengine walikuwa wanatazama shabaha. Yeye alitazama majani. Ile nguvu iliyoyalaza majani, aliwaza, inapotea bure kila mara mtu anapopiga. Kwa nini isifanye kazi?

Jaribio lake la kwanza lilikuwa la kifundi kabisa. Alifunga bunduki vizuri, akaweka mbele ya mdomo wake kipande kizito cha chuma chenye tundu la kupitisha risasi, akafyatua kwa mbali. Risasi ilipita kwenye tundu bila kugusa, lakini upepo uliofuata ukakirusha kile chuma. Akajua nguvu ipo. Kisha akachukua bunduki ya kawaida ya wenzo, ile ambayo mpigaji hushusha na kupandisha wenzo kwa mkono kila baada ya risasi, akaweka kifuniko chenye tundu mdomoni na kukiunganisha na wenzo. Gesi ilipokisukuma kifuniko mbele, wenzo ukajishusha wenyewe, na springi ikaupandisha. Bunduki ikajikoki.

Kutokana na wazo hilo ilitoka bunduki ya rashasha ya Colt ya mwaka 1895. Chini ya mtutu wake kulikuwa na mkono uliosukumwa na gesi kwenda chini na nyuma. Askari waliipa jina la mchimba viazi, kwa sababu ukiiweka chini mno ule mkono ulikuwa unachimba udongo. Natamani kila chombo cha vita kingekuwa na jina la shambani namna hiyo.

Bastola ya gesi ya 1895

Msomaji anayeuliza kama bastola ndogo ya mkononi iliwahi kujikoki kwa gesi, jibu ni ndiyo, tena mapema. Bastola ya kwanza ya kujikoki aliyoibuni Browning ilikuwa ya gesi. Mwaka 1895 aliipeleka kwenye kiwanda cha Colt mjini Hartford, akaomba hataza mwaka huo huo, na akaipata tarehe 20 Aprili 1897, namba 580,923.

Ilifanya kazi hivi. Karibu na mdomo wa mtutu, upande wa juu, kulikuwa na tundu dogo. Risasi ilipolipita tundu lile, kiasi cha gesi kilitoka na kuupiga wenzo uliolala juu ya mtutu. Wenzo ukaruka juu na kuelekea nyuma kwa duara, na katika kuruka huko ukafungua kufuli ya nyuma, ukatupa ganda na kuikoki nyundo. Springi ikairudisha kufuli mbele, ikachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini iliyokuwa ndani ya mpini. Mpigaji alibakiwa na kazi moja, kubonyeza.

Ilikuwa bastola inayofanya kazi. Lakini jaribu kufikiria kuishika. Kila unapopiga, chuma kinaruka juu ya mtutu, mbele ya macho yako, mahali hasa unapolengea. Kiwanda hakikuitengeneza kwa ajili ya kuuza. Kilichotokea ni kwamba Browning mwenyewe aliendelea mbele kwa haraka ya ajabu. Siku ile ile ya Aprili 1897 alipewa hataza nne za bastola kwa mpigo, na kati ya hizo ile ya gesi ilikuwa moja tu. Nyingine zilitumia teke.

Ni hizo za teke zilizoshinda, na sababu zake zinaeleweka hata kwa mtu asiyewahi kugusa silaha. Bunduki ndefu ina mtutu mrefu, kwa hiyo gesi inakaa ndani muda wa kutosha kuibiwa bila haraka, na kuna nafasi ya kuweka bomba na pistoni. Ndiyo maana bunduki nyingi za kijeshi ni za gesi. Ukiitazama AK-47 ya Kalashnikov, ule mrija ulioko juu ya mtutu, wenye mbao au plastiki ya kushikia, ndiyo njia ya gesi, na pistoni iko humo. Bastola haina nafasi hiyo. Mtutu wake ni mfupi kama kiganja, muda ni mdogo, na kila sehemu unayoongeza inaleta uzito, joto na mahali pa kukusanya masizi. Teke halihitaji mrija wowote. Lipo tayari, bure, kila mara. Mafundi kama Browning hawakuwa wavivu, lakini walipenda kitu chenye vipande vichache.

Hapa kuna njia mbili tena. Kwa risasi dogo, slaidi, yaani kile kifuniko cha juu kinachorudi nyuma, haikufungwa na kitu isipokuwa uzito wake na springi. Ganda la risasi linaisukuma nyuma moja kwa moja. Ndivyo ilivyokuwa bastola ya Browning ya milimita 7.65 iliyotengenezwa Ubelgiji na kiwanda cha FN na kujulikana kama muundo wa 1900. Iliuzwa mamia ya maelfu, mpaka Wafaransa wakawa wanasema "browning" wakimaanisha bastola yoyote. Kwa risasi kubwa, slaidi na mtutu vinafungwa pamoja, vinarudi nyuma pamoja hatua fupi mpaka risasi itoke na mgandamizo ushuke, halafu mtutu unashuka na kuachana na slaidi, nayo slaidi inaendelea nyuma peke yake. Muundo huo ndio wa bastola ya Colt iliyochukuliwa na jeshi la Marekani tarehe 29 Machi 1911 na kubaki mikononi mwa askari wao mpaka miaka ya 1980. Kabla ya kukubaliwa ilipigishwa risasi 6,000 mfululizo kwa siku mbili bila kukwama.

Bastola nyingine ya Browning iliyotengenezwa Ubelgiji, muundo wa 1910, ilikuwa mkononi mwa Gavrilo Princip alipomuua mrithi wa kiti cha Austria mjini Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Miezi mitano haikupita kabla vita vilivyoanzia hapo havijafika Tanga, na wapagazi wetu wakaanza kubebeshwa mizigo ya vita visivyokuwa vyao.

Gesi ilirudi mara mbili

Wazo la gesi kwenye bastola halikufa. Katika miaka ya 1970, kampuni ya Ujerumani ya Heckler & Koch ilitengeneza bastola ya polisi iliyoitwa P7. Humo gesi haikutumiwa kusukuma slaidi nyuma bali kuichelewesha. Gesi iliingizwa kwenye silinda ndogo chini ya mtutu na kuisukuma pistoni mbele, ili slaidi isirudi kabla risasi haijatoka. Mgandamizo ukishuka, slaidi inaachiwa. Ni kama shokapu ya pikipiki inayotumia moshi wa injini.

Lakini kilichonivutia zaidi kwenye P7 ni namna ya kuikoki. Mbele ya mpini kuna kipande kirefu cha chuma. Ukikikamata mkono mzima, bastola inakokiwa. Ukilegeza, inajikoloa. Ikidondoka, mkono umeshaachia, kwa hiyo haijakokiwa. Polisi wa Bavaria waliitumia. Kasoro yake kubwa ilikuwa joto: ukipiga risasi nyingi mfululizo, ile gesi ya chini ya mtutu inachoma chuma karibu na kidole. Tena ilikuwa ghali.

Ya pili ni Desert Eagle, ambayo vijana wengi wameiona kwenye filamu bila kujua jina. Wazo lilianzishwa na kampuni ya Magnum Research ya Minneapolis, Marekani, na kazi ikakamilishwa na kiwanda cha silaha cha serikali ya Israeli, na ikaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hii ni bastola ya gesi kwelikweli, yenye njia ya gesi chini ya mtutu na pistoni yake, kama bunduki ndefu iliyokatwa. Imetengenezwa hivyo kwa sababu inapiga risasi kubwa mno ambazo mfumo wa kawaida wa mtutu unaoshuka ungepata shida kuzihimili. Bei ya uamuzi huo ni uzito: karibu kilo mbili, sawa na mfuko wa sukari wa kilo mbili ukiushika kwa mkono ulionyooka. Watengenezaji wanasisitiza pia kwamba zisitumike risasi za risasi tupu zisizovishwa shaba, kwa kuwa madini laini hukwaruzwa na kuziba tundu la gesi. Filamu haionyeshi hayo. Askari wengi wa kweli hawaibebi.

Turudi ghalani

Sasa tunaweza kumjibu msikilizaji wetu vizuri. Silaha inayojikoki, iwe kwa gesi au kwa teke, haiishii kwenye hali ya utulivu baada ya kupiga. Inaishia ikiwa tayari kupiga tena. Hiyo ndiyo kazi iliyobuniwa kuifanya. Gobore likilia limelala, bastola ikilia imeamka. Na hata kama haijapigwa, mtu akishavuta slaidi mara moja wakati magazini imo ndani, risasi ya kwanza imepanda chemba na itakaa humo siku, wiki, mwaka, mpaka itolewe au ipigwe.

Yule mlinzi alichomoa magazini. Kwenye bastola nyingine kitendo hicho kingemwokoa mwenzake. Bastola ya Browning iitwayo Hi-Power, iliyoanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1935 na kusambaa kwenye majeshi mengi ya Afrika, ina kizuizi ambacho huzuia kifyatulio kufanya kazi magazini ikiwa nje. Lakini ile Colt ya 1911 haina kizuizi hicho, na bastola nyingi za leo hazina. Huu ndio mtego. Mtu aliyejifunza kwenye bastola moja anaweza kushika nyingine yenye sura ile ile na kuamini inafuata sheria ile ile. Kwa nje huwezi kutofautisha.

Mwenye kibali anafundishwa mpangilio ambao haugeuzwi: mdomo unaelekezwa mahali pasipo na mtu, kidole kiko nje ya kifyatulio, magazini inatoka kwanza, halafu slaidi inavutwa nyuma ili risasi iliyoko chemba itupwe, kisha anachungulia chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Akigeuza, yaani akivuta slaidi kwanza na kutoa magazini baadaye, ametupa risasi moja na kuingiza nyingine mahali pake. Ataona risasi imeruka mezani, ataamini kazi imekwisha, kumbe amerudi pale pale alipoanza. Nimeambiwa na askari mstaafu mmoja wa hapa kwetu, aliyefundisha shabaha kwa miaka mingi, kwamba kosa hili la kugeuza mpangilio ndilo alilolipigia kelele kuliko mengine yote, na kwamba waliolifanya walikuwa wazoefu, si wageni.

Asiye na kibali hahitaji mpangilio huo hata kidogo. Hapa nasema na wazazi, wachungaji wa mifugo na wanaookota vyuma chakavu. Ukikuta bastola, bunduki au risasi porini, mtoni au ndani ya nyumba uliyonunua, usiiguse na usiivute slaidi "uone kama ina kitu." Usiibebe kuipeleka kituoni pia. Acha mtu mmoja mkubwa abaki kwa mbali kuzuia watoto, na mwingine apige 112 au amfuate mwenyekiti wa kijiji ampigie polisi. Sheria ya Tanzania ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali, na kukaa na ya kuokota nyumbani ni kosa hata kama nia yako ilikuwa nzuri. Nchi za ukanda wetu zilisaini Itifaki ya Nairobi mwezi Aprili 2004 kwa ajili ya kudhibiti silaha ndogo, kwa hiyo wasikilizaji wa ng'ambo ya mpaka nao watakuta sheria zao hazipishani sana na zetu kwenye hili.

Maswali mawili mafupi yaliyokuja pamoja na lile la ghalani. Mama mmoja aliuliza kama bastola inaweza kujikoki ikiwa imelala kabatini. Haiwezi. Inahitaji ama mlipuko wa risasi ama mkono wa mtu kuvuta slaidi. Kama imekokiwa kabatini, kuna mtu aliiweka hivyo, na ni haki yako kumuuliza. Kijana mwingine aliuliza kama springi iliyochoka inaifanya bastola iwe salama. Kinyume chake. Springi dhaifu inaweza kuishindwa slaidi kurudi sawasawa, na risasi ikabaki imekwama nusu ndani, nusu nje, hali ambayo hata fundi mwenye leseni huikaribia polepole.

Yule msikilizaji wa ghalani ameniandikia tena juzi. Mwajiri ameziondoa bastola pale ghalani na kuleta mbwa wawili na taa ya sola. Mwenzake aliyebonyeza bado analala vibaya, na ameomba ahamishiwe zamu ya mchana.